BMW E39 525i, Nakuru: kubadilisha pampu ya maji na kutafuta themostati ilienda wapi

Ijumaa jioni

Wadau wa magari ya zamani, nimeamua kuandika hii kazi hatua kwa hatua juu kila nikisimama na hii gari mahali kuna mtu ataniuliza kama BMW inaweza kukaa Nakuru bila kulala gereji. Gari ni 525i ya 2001, bodi ya E39, injini ni M54 ya lita 2.5, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, gia otomatiki. Nilinunua kwa mzee mmoja mstaafu huko Milimani. Viti vya ngozi bado viko sawa, mlango ukifunga unasikia ule mlio mzito unajua kabisa hii kitu ilikuwa ya waheshimiwa, lakini chini ya boneti imepitia mikono mingi na si yote ilikuwa inajua inachofanya.

Shida ni maji. Kwa hii gari rizavu imeshikana na rejeta hapo ubavuni, na ndani yake kuna kijiti chekundu kinachoelea, injini ikiwa baridi unafungua kifuniko unaona kijiti kimepanda hadi wapi. Changu kilikuwa kinazama pole pole kila wiki. Hakuna dimbwi chini ya gari, hakuna moshi mweupe nyuma, mafuta ya injini hayajageuka chai ya maziwa, kwa hivyo hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, nikaiweka kando kwanza. Kilichokuwepo ni harufu tamutamu ukizima gari ukisimama mbele yake, na kamlio ka kusaga kanakosikika boneti ikiwa wazi, halafu ukikanyaga pedali ya mafuta kidogo kanapotea.

Kupima ni rahisi na haihitaji mashine. Injini izimwe, ipoe, ushike feni kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Kwa M54 feni imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya pampu ya maji, kwa hivyo beringi ya pampu ndiyo inabeba feni yote. Yangu ilikuwa inacheza. Si sana, lakini inacheza, na puli inaenda nayo. Nikaingiza kioo kidogo na tochi chini ya pampu nikaona michirizi myeupe iliyokauka ikitoka kwa lile tundu dogo la chini. Hilo tundu si kasoro, limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka maji yatoke hapo uyaone badala ya kuingia kwa beringi kimya kimya. Hapo hakuna mjadala tena, pampu imekufa, imebaki kuzikwa. Na usingoje, juu beringi ikiachilia kabisa feni inaenda mbele inakula rejeta, ukianza na pampu unamaliza na pampu, feni na rejeta.

Jumamosi

Leo sijafungua kitu, nimesoma joto tu, na hapa ndipo stori ilianza kuwa na utamu.

Wengi hawajui kwamba mshale wa joto kwa dashibodi ya E39 hausemi ukweli wote. Umepangwa ukae katikati kabisa kuanzia nyuzi 75 hivi hadi karibu 115, yaani joto linaweza kupanda karibu nyuzi arobaini na mshale haujatikisika. Walifanya hivyo ili wenye magari wasipige simu kila mshale ukisogea. Ukiuona unaenda kwa nyekundu jua umechelewa zamani. Lakini namba kamili iko ndani. Unafinya kile kitufe cha kurudisha sifuri kilomita za safari, ufunguo ukiwashwa, unaendelea kushika hadi iandike TEST, unaenda hadi ya 19 ambayo ndiyo kufuli. Hapo unajumlisha tarakimu tano za mwisho za namba ya chesisi, namba zikipita kwa kioo zikifika kwa jumla yako unafinya, kufuli imefunguka. Halafu unarudi test ya 7, ya kwanza hapo ni joto la maji, imeandikwa KTMP.

Nikachukua barabara ya Njoro, gari imetulia kwa mwendo wa 80, nasoma 72, 74, 73. Nikashangaa. Hii injini kawaida yake kwa barabara tambarare ni tisini na kitu kwenda juu. Kisha nikarudi mjini, nikaingia jamu ya mchana ya pale karibu na soko, namba ikaanza kupanda, 90, 98, 106, 109, nikazima AC nikafungua hita yote na madirisha nikatoka hapo natoa jasho. Na mshale? Katikati. Umetulia.

Sasa pampu mbovu peke yake inaeleza joto la jamuni. Haielezi ile 73 ya Njoro road. Gari inayokimbia baridi hivyo ina maana moja, maji yanazunguka kwa rejeta muda wote bila mlinzi, yaani themostati, ile valvu inayojifungua maji yakipata moto ndiyo yaende rejeta, imekwama wazi ama haipo.

Jumapili baada ya kanisa

Nilipitia kwa fundi mmoja ninayemheshimu, mzee amefanya magari ya Wajerumani miaka mingi upande wa Shabab, sikutaka kazi yake nilitaka maoni yake. Tukabishana vizuri.

"Kijana wangu, hiyo themostati ilitolewa. Hizo kitu tunatoa. Ni za baridi ya Ulaya, huku Afrika inafanya gari ichemshe."

"Mzee, kwa heshima, Nakuru saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba ni Afrika gani unasema?"

Akacheka. Lakini hakukubali, na najua nusu ya gereji za hapa zitasema vile alisema. Ngoja niandike sababu zangu hapa mara moja ili nisirudie kila mtu akiniuliza.

Kwanza, themostati ya hii injini ina visahani viwili. Kimoja kinafungua njia ya kwenda rejeta, kingine wakati huo huo kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji moto ndani ya injini bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi. Barabarani upepo ni mwingi, maji yaliyopita rejeta yanatosha kuipoza kupita kiasi, ndiyo ile 73. Ukikwama kwa jamu ama ukipanda mlima, sehemu ya maji moto inazunguka kwa ile njia fupi haionji rejeta kabisa, joto linapanda. Kwa hivyo fundi ametoa themostati gari isichemshe, na kutoa kwake ndiko kunaichemsha mahali ambapo inaumiza.

Pili, komputa. Injini ikibaki baridi komputa inadhani bado ni asubuhi, inaongeza petroli. Mzee wa Milimani aliniambia gari "inakunywa kidogo". Kidogo!

Tatu, na hii ndiyo huwa inawanyamazisha watu: mji wetu uko juu kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari. Hapa maji ya kawaida kwa sufuria iliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Themostati ya M54 imeandikwa 97. Yaani hii injini imepangwa ifanye kazi kwa joto ambalo jikoni kwangu maji hayawezi kufika. Inawezekanaje basi? Kwa presha. Kifuniko cha rizavu kimeandikwa 200, maana yake kinashika bar 2 kabla ya kuachilia, na maji yakibanwa hivyo yanavuka 120 bila kuchemka, ukichanganya na kulanti, ile dawa ya rejeta, yanavuka zaidi. Sasa chukua mtu ameweka maji ya mfereji, kifuniko kimechoka hakishiki presha, pampu inavuja: maji yanachemkia ndani ya hedi, yanatoa mapovu, na mapovu yanapita kwa pampu yanagonga mabawa yake hadi yanaliwa. Kisha tunasema BMW hazifai Kenya.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho akaniambia, "Haya, nunua. Ukirudi hapa ukivutwa sitakucheka mbele ya watu." Tukaachana hivyo.

Wiki ya spea

Hii sehemu nitaipitia haraka juu inachosha. Pampu ya M54 inapatikana hata hapa mjini, swali ni pampu gani. Duka la kwanza, sitalitaja, wakanipa boksi lenye jina kubwa na maandishi yamechapwa kama yamepigwa kivuli, ndani pampu haina oringi na ukizungusha shafti kwa kidole unasikia mchanga. Pampu nzuri ukiizungusha ni nzito kidogo na kimya, haichezi hata nywele, uso wa kukaa kwa injini umekatwa laini na oringi iko kwa mfereji wake. Nikamrudishia kwa adabu, akaniambia "hiyo ndiyo orijino bosi", nikamwambia sawa bosi.

Mwishowe nikapiga simu Nairobi, Kirinyaga Road, kwa mtu ananijua, akanitumia picha za kila kitu kabla sijalipa, mzigo ukaja na matatu jioni hiyo hiyo. Pampu ya HEPU, themostati ya Wahler ikiwa nzima na nyumba yake, juu kwa M54 huwezi kununua roho peke yake, inakuja imejengewa ndani ya ile nyumba ya plastiki yenye plagi ya umeme ya kuipasha joto. Pampu na themostati pamoja hazikufika elfu ishirini. Nikaongeza rizavu mpya na kifuniko chake, paipu ya juu na ya chini, fenbelti, puli ya kupitishia belti, na kulanti ya bluu aina ya G48 isiyochanganywa. Maji ya kuchanganyia nikanunua yale ya betri. Mtu asiniambie maji ya boholi ni masafi, meno ya sisi tuliokulia upande huu ni ushahidi wa floraidi, na mbali na floraidi kuna chumvi zingine zinazoganda ndani ya rejeta.

Rejeta yenyewe sikununua. Si ile ya kiwandani, mtu alishaibadilisha, ni Behr, shingo ya plastiki ya paipu ya juu bado nyeusi na ngumu, haina nyufa. Kwa E39 hiyo shingo ndiyo ya kuangalia, ikigeuka kahawia na ukiibana inatoa sauti ya kukatika badilisha rejeta hiyo siku, usingoje ikukatikie Sachangwan usiku.

Spana namba 32 ya feni ni lazima iwe nyembamba, kuna nafasi ndogo sana kati ya feni na puli. Jamaa wa kuchomelea alichukua ile nene ya kawaida akaisaga na grenda hadi ikaingia. Haipendezi kwa macho, inafanya kazi.

Jumamosi, kufungua

Nilianza mapema gari ikiwa baridi kabisa, hiyo si mapambo, maji ya bar 2 yakikurukia usoni hakuna atakayekusaidia. Msaidizi ni kijana wa jirani ambaye amemaliza masomo ya ufundi na anangoja kazi, mikono yake ni midogo kuliko yangu, hapo mbele ya M54 hiyo ni mali.

Kifuniko cha chini cha plastiki kimetoka, karai iko chini, skrubu ya kumwaga ya rejeta imefunguliwa. Ni ya plastiki, ifungue na sarafu kubwa ama bisibisi pana, pole pole. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kutu. Bluu hakuna, kijani hakuna, hata harufu ya kulanti imebaki kidogo tu. Bolti ya kumwaga bloku iko upande wa egzosi, namba 13, hiyo wengi huiacha, na ukiiacha karibu nusu ya uchafu unabaki ndani. Tukaifungua, ikatoka supu.

Feni. Sikilizeni hapa vizuri: nati ya feni imekatwa kinyume, unailegeza kwa kuzungusha kama unakaza. Nimeona feni zimevunjwa juu mtu alikuwa anazidi kukaza akidhani analegeza. Weka ile spana ya 32, belti ikiwa bado imekaza puli isizunguke, gonga mwisho wa spana na nyundo mara moja kwa nguvu, si kuvuta pole pole, kugonga. Ikalegea. Kisha ule mduara wa plastiki unaozunguka feni unatolewa pini zake juu, na vyote viwili, feni na mduara, vinapanda juu pamoja, huwezi kutoa kimoja bila kingine. Feni isimamishe wima ukutani, usiilaze.

Kabla ya kutoa belti, legeza bolti nne za puli ya pampu, za namba 10. Belti ikishatoka puli inazunguka huru utabaki unaishika na mkanda wa suruali. Piga picha belti inavyopita, halafu zungusha tensiona, ile inayokaza belti, utoe belti.

Nyumba ya themostati ikafuata, iko mbele juu, paipu mbili, plagi ya umeme, bolti za namba 10 na kile kijicho cha chuma cha kunyanyulia injini kinatoka nazo. Nikaivuta nikaigeuza tuone ndani.

Kulikuwa wazi hadi upande wa pili. Mtu alichukua plaisi akavunja roho yote, spring, visahani, kila kitu, akabakisha ganda tupu, akarudisha na siliconi nyekundu pembeni, na plagi ya umeme akairudisha mahali pake ikipasha joto hewa. Yule kijana akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilipiga picha nikamtumia mzee wa Shabab bila neno lolote. Akajibu na kidole gumba.

Sasa pampu. Nati nne za namba 10, zimetoka bila shida, lakini pampu yenyewe ilikuwa imeshikana na injini kwa miaka ya kutu. Usichukue bisibisi ukaanza kuichokonoa pembeni, hapo ni alumini, ukikwaruza mahali oringi inakaa umejinunulia uvujaji wa kudumu. Wenye kuitengeneza waliacha mashimo mawili yenye uzi kwenye mwili wa pampu. Unaingiza bolti mbili za M6, unakaza hii robo, ile robo, hii, ile, na pampu inajisukuma nje yenyewe ikiwa imenyooka. Karai iwe karibu, kuna maji mengine yanangoja nyuma yake.

Ikatoka. Mabawa ya chuma, na ncha zake zimeliwa, zingine zimebaki nyembamba kama karatasi, uso wote umejaa vishimo. Hiyo pampu hata kama beringi ingekuwa nzima ilikuwa haisukumi maji ya maana kwa mzunguko wa chini, ndiyo maana jamu ilikuwa inaiua na barabara ndefu inaisamehe. Beringi nayo ukizungusha unasikia kila kidude ndani. Vitu vitatu vilikuwa vinauana humo: maji matupu yalikula mabawa na sili, sili ikaachilia maji kwa beringi, na kukosa themostati kukaficha yote juu gari ilikuwa baridi kila mara mwenyewe alipoiendesha Jumapili barabara ikiwa tupu.

Wenzangu wa hizi gari hubishana sana kuhusu mabawa ya plastiki na ya chuma. Zile pampu za zamani zenye plastiki zilikuwa zinapasuka mabawa yakaanza kuzunguka huru kwa shafti, hilo linajulikana. Za chuma hazipasuki, lakini beringi ikifa mabawa yanaweza kukwaruza nyumba ya injini. Mimi nimeweka ya chuma. Ukitunza maji na ukitikisa feni mara kwa mara hiyo beringi haitakushtukiza.

Jumapili, kufunga

Jana tulisafisha hadi giza. Maji masafi ndani ya bloku na ndani ya hita kando kando hadi yakatoka yalivyoingia. Siliconi ya yule bwana nimeikwangua na kipande cha plastiki, si kisu. Themostati mpya ina gasketi yake ya mpira, haitaki siliconi yoyote, tafadhali.

Pampu mpya: oringi nikaipaka kulanti kidogo, si grisi ya petroli, nikaisukuma na mikono hadi ikakaa, nati nne nikakaza kwa kuvuka msalaba, nyutoni mita 10 tu. Hiyo ni ndogo sana, ni vidole na kifundo cha mkono, mtu wa mkono mzito atakata vile vijiti vya M6. Puli, belti, paipu, rizavu mpya, plagi ya themostati, feni irudi na mduara wake kwa pamoja, na nati ya feni wakati huu unakaza kwa kuzungusha kama unalegeza.

Kisha kutoa hewa, na hapa ndipo pampu mpya nyingi hufia, si kwa ubaya wa pampu. Hii gari inachukua kama lita 10 na nusu za maji. Pua ikainuliwa kidogo na jeki. Ufunguo uwashwe bila kuwasha injini, hita iwekwe moto wa mwisho pande zote mbili, upepo uwe wa chini, hapo valvu za hita zinafunguka na kapampu kadogo ka umeme kanaanza kunguruma. Skrubu ya plastiki ya kutoa hewa iko juu ya rizavu, ifungue. Mimina mchanganyiko wako nusu kulanti nusu maji ya betri, taratibu, kama hauna haraka ya kwenda mahali. Kwanza inatoka hewa, kisha inakohoa povu, kisha inatoka mkondo bila povu hata moja. Funga skrubu, kwa vidole halafu kidogo tu, ni plastiki. Tulimimina, tukangoja, ikakohoa tena, tukamimina, karibu saa nzima. Kijana akaniuliza kwa nini hatuwashi tu ijitoe hewa yenyewe. Nikamwambia hewa ikijificha kwa hedi sensa itakuwa inapima mvuke, namba itakudanganya na hedi itapinda.

Tukawasha. Kimya. Ile sauti ya kusaga haipo. KTMP ikapanda, 60, 75, 88, paipu ya chini bado baridi, 95, na ikifika kwa ile 97 paipu ya chini ikaanza kupata moto mkononi. Themostati imefunguka. Ikakaa 97, 98, 96. Nikaiacha isimame na AC imewashwa nikaenda kunawa, nikarudi, 98.

Ilipopoa usiku kijiti kilikuwa kimeshuka kidogo, nikaongeza. Hiyo ni kawaida, daima kuna kahewa kalikobaki.

Wikendi iliyofuata, Kisumu na kurudi

Nilikuwa na shughuli Kisumu hata hivyo, na hakuna mtihani bora kuliko hiyo barabara. Kutoka Nakuru unapanda Salgaa, Sachangwan hadi Mau Summit ukiwa nyuma ya malori, kisha Londiani, Kericho, halafu unaporomoka hadi Ahero penye joto na mpunga, na Kisumu yenyewe iko mita 1,130 hivi. Kwenda ni rahisi kwa upande wa Kericho, kurudi ndiyo kazi, unatoka kwa joto la Ahero na Awasi unapanda hadi baridi ya chai, na injini inafanya kazi njia yote.

Tambarare ilikuwa 96 hadi 98. Nyuma ya lori la miwa karibu na Awasi, jua la saa nane, AC iko juu, 101. Na nikapenda kitu kimoja: nikianza kukanyaga mafuta kupanda kuelekea Kapsoit namba haikupanda, ilishuka, 95, 91, 88. Hiyo ni kazi ya ile plagi ya umeme. Komputa ikiona mzigo mkubwa inapasha waya ndani ya themostati, inafunguka mapema kabla joto lenyewe halijaifungua, injini inapata maji baridi zaidi penye inateseka. Ukiilegezea inarudi 97. Gari ya 2001 inafikiria hivyo, na kuna mtu aliitoa na plaisi.

Matumizi ya petroli nayo, safari yote yameshuka hadi nikadhani geji imekwama. Hita ya asubuhi pia inafanya kazi sasa, mama watoto alikuwa amezoea kubeba leso ya kujifunika akipelekwa kazini.

Nikapitia Shabab nikiwa njiani kurudi nyumbani, injini bado moto, nikamfungulia mzee ile test 7 aone mwenyewe. Akaangalia muda, akaniuliza hiyo kitu inapatikana pia kwa E46, ile bodi ya 3 Series, nikamwambia ndio mzee, injini ni ile ile kwa nyingi. Akaitisha namba ya yule mtu wa Kirinyaga Road.

Kijiti leo asubuhi kiko pale pale kilipokuwa kabla ya safari, chini ya pampu pakavu. Kilichobaki ni gasketi ya valvu kava, inavuja mafuta upande wa egzosi, na harufu yake ya kuungua nilikuwa naichanganya na ile ya kulanti mwanzoni. Gasketi na mipira ya mashimo ya plagi nimeshaagiza, nitaandika hapa nikifungua.